Saratani au Kuvu? Mwongozo Kamili wa Kutenganisha Vinavyofanana Chini ya Hadubini

Slaidi ilikuwa ya kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi. Ngozi ya juu ilikuwa imenenepa na kushuka chini kwa ndimi ndefu zisizo na mpangilio, na fomu ilikuwa na maneno mawili tu: "kidonda, saratani?" Niliandika saratani ya seli bapa. Mwenzangu mkubwa aliyepitia kazi yangu kabla jibu halijatoka aliniuliza kama nimevitazama vijipu vya usaha vilivyomo ndani ya ngozi. Nikairudia slaidi. Ndani ya vijipu vile kulikuwa na vidude vya mviringo vya rangi ya shaba, vyenye ukuta mnene na pingili zinazokatana kama msalaba. Ilikuwa kromoblastomaikosi, ugonjwa wa kuvu nyeusi. Mguu ule ulihitaji dawa, nami nilikuwa nimekaribia kuupeleka kwenye msumeno.

Tangu siku hiyo, kabla sijaupa uvimbe jina, hujiuliza: ni kitu gani kingine kingeweza kuchora picha hii hii, na ni kipimo gani kimoja kitakachowatenga hao wawili? Hatua zote zilizo hapa chini zinalizunguka swali hilo. Nimemwandikia mwanapatholojia aliye mafunzoni, fundi wa maabara anayetaka kujua kwa nini anaombwa rangi ya ziada, na daktari wa wodini anayetuma sampuli.

Hatua ya 1: Iokoe sampuli kabla haijafika mezani kwako

Kosa linalotugharimu zaidi hutokea kwenye chumba cha upasuaji, pale kipande chote kinapotumbukizwa kwenye formalini. Formalini hulinda umbo la tishu lakini huua kuvu, na kuvu iliyokufa haioti maabara. Palipo na shaka yoyote ya maambukizi, kipande kigawanywe kikiwa kibichi. Sehemu moja iende kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, kwa ujazo usiopungua mara kumi ya ule wa tishu. Sehemu nyingine iwekwe kwenye chombo safi kisicho na vijidudu, pamoja na maji ya chumvi kidogo ili isikauke, na ipelekwe maabara ya mikrobiolojia upesi.

Maabara hiyo nayo iambiwe unashuku nini. Nyuzi za Mucorales (kundi la kuvu zenye nyuzi pana) ni laini na zina pingili chache mno. Tishu ikisagwa, nyuzi hupasuka na hakuna kinachoota. Kwa hiyo omba ikatwekatwe tu. Ukishuku Coccidioides, toa tahadhari mapema, maana chembe za kuvu hii zikishaota kwenye sahani huruka hewani na zimewahi kuwaambukiza wafanyakazi wa maabara.

Kisha soma fomu. Umri, mahali uvimbe ulipo, muda uliokaa, kinga ya mwili, kisukari, VVU, dawa za steroidi, upandikizaji wa kiungo, safari na kazi ya mgonjwa: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kugeuza jibu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na fomu iliyoachwa tupu ndiyo ufichaji wenyewe. Ikikujia tupu, piga simu. Mara nyingi dakika mbili za kuzungumza na daktari zitakufaa kuliko kingamwili sita (vipimo vya slaidi vinavyotafuta protini maalumu za seli).

Hatua ya 2: Anza na lenzi ndogo, na ukae hapo

Wanafunzi wengi hukimbilia lenzi ya mara 40 kwa sababu ndipo viini vya seli vinapoonekana vizuri. Mimi hupendekeza dakika nzima kwenye lenzi ya mara 2 au 4. Kwa ukubwa huo tazama mpaka wa uvimbe: unasukuma tishu za jirani, au unazipenya? Tazama tishu iliyokufa, imekufa katikati ya seli za uvimbe zilizozidi damu yao, au imekufa kwa kufuata mshipa ulioziba? Na seli za uchochezi zimejipangaje?

Eneo la tishu mfu lenye umbo la kabari, likiwa na mshipa ulioziba karibu yake, likutume kutafuta nyuzi za kuvu ndani ya ukuta wa mshipa hata kama fomu imesema "uvimbe wa mapafu". Aspergillus na Mucorales zote hupenda kuingia mishipani. Granuloma (vinundu vya seli za uchochezi) zenye usaha katikati zikuelekeze kwenye kuvu, bakteria wa jamii ya kifua kikuu, au mwili wa kigeni. Eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) zikiwa nyingi kupita kiasi, hasa zikiizunguka nyenzo ya waridi iliyokolea kama mkono wa shati, usigeuze slaidi kabla hujatafuta nyuzi ndani ya huo mkono. Nyenzo hiyo huitwa Splendore-Hoeppli.

Hatua ya 3: Hakikisha kwanza kuwa ni saratani

Hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi, hivyo nitakaa kidogo.

Ngozi na utando wa mdomo na koo vina tabia ya kunenepa na kuota ndimi za chini vinapochokozwa kwa muda mrefu. Unene huo bandia huiga saratani ya seli bapa vizuri kiasi cha kuwapotosha hata wazoefu. Wanaousababisha wanajulikana: kuvu nyeusi za kromoblastomaikosi, kuvu nyingine kama Blastomyces, Paracoccidioides na Sporothrix, kifua kikuu cha ngozi, na uvimbe wa seli za chembechembe. Huyu wa mwisho anastahili neno lake. Ni uvimbe usio hatari kwa kawaida, wenye seli pana za waridi zilizojaa chembechembe, na hukaa chini ya utando uliomea juu yake kwa fujo. Biopsi ikiwa ya juujuu utaona fujo tu, mwenye fujo humwoni. Seli zake huchukua S100 na SOX10, protini zinazotafutwa kwa kingamwili. Biopsi ya ulimi au ya koo ikionekana kama saratani ya seli bapa iliyokomaa mno, tazama kwanza seli zilizo chini ya utando kabla hujasaini.

Kinachonisaidia kutenga unene bandia na saratani ni mambo machache: viini vilivyotulia, seli zinazokomaa vizuri kadiri zinavyopanda juu, vijipu vya nyutrofili ndani ya epitheli, na seli kubwa zenye viini vingi kwenye tishu ya chini. Ukikutana na viwili vya mwisho kwa pamoja, omba rangi za kuvu kabla ya kuandika neno saratani. Biopsi ikiwa ya juujuu na kingo zake hazionekani, sema hivyo kwenye ripoti na uombe nyingine ya ndani zaidi.

Nje ya ngozi, maigizo hufuata mahali. Kwenye mapafu, Cryptococcus na Histoplasma hutengeneza tonge moja la mviringo ambalo kwenye picha ya CT halitofautiani na saratani. Kwenye zoloto, Blastomyces huleta uvimbe unaoonekana wazi kuwa wa kukatwa. Puani, polipu nyekundu yenye vidoto vyeupe hugeuka kuwa Rhinosporidium seeberi, kiumbe ambacho Guillermo Seeber alikieleza Argentina mwaka 1900. Kwa miaka mingi kilidhaniwa kuwa kuvu, na leo kinawekwa kwenye kundi jingine la viumbe. Kwenye utumbo, Basidiobolus hutengeneza donge gumu lenye eosinofili tele ambalo huonekana kama saratani ya utumbo mpana, limfoma au ugonjwa wa Crohn, na huwapata watoto pia. Ngozi yenye makovu manene kama ya keloidi inaweza kuwa lobomaikosi, ugonjwa ambao Jorge Lobo aliueleza Brazili mwaka 1931.

Pacha mwingine huwasahaulisha watu kabisa. Mgonjwa mwenye kinga dhaifu ana uvimbe wa seli nyembamba ndefu kwenye tezi la limfu, na kila mtu anafikiria sakoma ya Kaposi. Lakini makrofaji zilizojaa bakteria wa jamii ya kifua kikuu huweza kunyooka na kujipanga vivyo hivyo. Omba rangi ya Ziehl-Neelsen na kingamwili ya HHV-8 (virusi vya sakoma ya Kaposi) siku moja. Rangi ya kwanza hujaa vijiti vyekundu kwenye uvimbe bandia; ya pili huwaka ndani ya viini vya Kaposi. Na kwa kuwa wagonjwa hao hao hupata magonjwa yote mawili, jibu la moja lisikufanye uache la pili.

Hilo ni kweli hata nje ya Kaposi. Saratani ya mapafu huacha shimo, na Aspergillus huhamia humo. Mgonjwa wa limfoma hupata Cryptococcus kwenye tezi lile lile. Kuiona kuvu hakuifuti saratani.

Hatua ya 4: Ukishaona ni uvimbe, mtafute pacha wake

Kwa uvimbe usioonyesha asili yake, kingamwili nne za kuanzia hunitosha: keratini ya jumla, S100 au SOX10, CD45 (alama ya seli nyeupe za damu), na moja ya misuli au mishipa kulingana na umbo la seli. Kuagiza ishirini kwa mkupuo humaliza tishu na kuleta majibu yanayopingana. Isome kila kingamwili pamoja na mahali inapopaswa kuwaka. Mayojenini, alama ya misuli, iwake ndani ya kiini; ikiwaka nje yake, haikuambii kitu.

Seli ndogo za mviringo za buluu ndizo shule ya mitego. CD99 ikiwaka kwenye utando wa seli, wengi huandika sakoma ya Ewing na kwenda nyumbani. Limfoma ya limfoblasti nayo huwaka CD99, na CD45 yake inaweza kuwa hasi. Kwa hiyo usimtaje Ewing kabla ya TdT na PAX5 au CD3, alama za limfoma hiyo, kurudi. Ukishaifuta limfoma, NKX2.2 husaidia, na kuvunjika kwa jeni ya EWSR1 huthibitisha, ingawa EWSR1 huvunjika pia kwenye uvimbe mwingine, ukiwamo wa seli ndogo za duara wenye utando mgumu wa nyuzi unaopenda tumbo la vijana. Huo huchukua keratini, na desmini yake hukaa kama nukta pembeni mwa kiini. Rhabdomayosakoma itajitaja kwa mayojenini na MyoD1. Nyuroblastoma haiwaki CD99, lakini huwaka PHOX2B.

Upande wa seli nyembamba ndefu, pacha wa kumwogopa ni fashaitisi ya vinundu, uvimbe usio saratani. Hukua kwa wiki chache, hujaa seli zinazogawanyika, na mkono huanza wenyewe kuandika sakoma. Lakini migawanyiko yake ni ya kawaida, seli zake huelea kwenye nyenzo laini kama seli zilizooteshwa kwenye sahani ya maabara, na historia ni fupi. Mwaka 2011 iligundulika kuwa nyingi zake zina mabadiliko ya jeni ya USP6, kipimo ambacho kimewaokoa watu wengi na upasuaji mkubwa. Uvimbe wa nyuzi unaojitegemea hutambulika kwa STAT6 ndani ya kiini, ule wa kuta za utumbo kwa CD117 na DOG1, na desmoidi kwa beta-katenini ndani ya kiini.

Kuna wanaojibadili sura kabisa. Limfoma ya plazmablasti kwa kawaida haina CD45 wala CD20, ina CD138, na CD138 huwaka kwenye kasinoma pia. Limfoma ya seli kubwa za anaplastiki inaweza kuwa na EMA na kukosa CD45, hata ikasomwa kama kasinoma. CD30 na ALK huitoa mafichoni. Angiosakoma ya seli pana huwaka keratini, hivyo palipo na nafasi zenye damu omba ERG na CD31. Melanoma huiga karibu kila kitu, ndiyo maana SOX10 iko kwenye seti yangu ya kwanza.

Hatua ya 5: Rangi za kuvu, na namna ya kuzisoma

Kwenye H&E, rangi ya kawaida ya slaidi, kuvu nyingi huonekana, ila lazima uzitafute. Mbili za kuomba ni PAS na ile ya fedha ya Grocott, iliyochapishwa mwaka 1955 na bado haijapata mpinzani. Ya fedha huzipaka kuta za kuvu rangi nyeusi juu ya kijani, hata zilizokufa zamani, ila huficha mengine yote. PAS huonyesha kuvu pamoja na uchochezi uliomzunguka. Nikibaki na bloku (kipande cha nta kilichobeba tishu) yenye tishu ndogo, huomba ya fedha kwanza.

Slaidi ya kulinganishia isomwe kabla ya slaidi ya mgonjwa. Fedha ikikaa mno, nyuzi za retikulini, za elastini na hata chembe nyekundu za damu huwa nyeusi, na mwenye hamu ya kuona kuvu ataiona. Mucorales zina kinyume chake, kwani fedha huweza kuzipaka hafifu huku H&E ikizionyesha waziwazi. Ripoti ya "Grocott hasi" isikufanye upuuze nyuzi pana ulizokwisha kuziona.

Rangi za kutofautisha ni za baadaye. Musikamini huipaka kapsuli ya Cryptococcus rangi nyekundu. Fontana-Masson huipaka Cryptococcus nyeusi hata ikiwa imekosa kapsuli, jambo linaloifanya iwe rangi yangu ya pili kwa chachu yoyote isiyoeleweka. Kumbuka tu kwamba Rhinosporidium pia huchukua musikamini, na Blastomyces mara nyingine huichukua hafifu. Ziehl-Neelsen na Gram ziombwe kila palipo na granuloma, kwa sababu anayefanana na kuvu anaweza kuwa bakteria.

Hatua ya 6: Pima, usikisie

Rula unayo tayari kwenye slaidi: chembe nyekundu ya damu, takriban mikromita 7. Linganisha kiumbe chako nayo kabla ya kutaja jina. Kisha uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: ni nyuzi au ni chachu? Ana ukubwa gani? Anazaana vipi?

Kwa nyuzi, upana na pingili ndizo za kutazama. Aspergillus kwa kawaida huwa na upana wa mikromita 3 hadi 6, kuta sambamba, pingili za mara kwa mara, na matawi yanayochepuka kwa pembe ya takriban digrii 45. Mucorales huwa pana, mikromita 6 hadi 25, zenye kuta nyembamba zilizokunjika kama utepe, pingili chache, na matawi ya pembe pana. Tatizo ni kwamba Fusarium na Scedosporium huonekana kama Aspergillus kabisa, na matibabu yao hayafanani. Halafu Aspergillus iliyokatwa vibaya au iliyovimba kwenye tishu mfu huweza kuonekana pana. Pembe ya tawi peke yake usiitegemee. Tawi limelala kwenye pande tatu, nawe unaona mkato wa pande mbili. Nyuzi za kahawia kwa asili ni kuvu nyeusi, na Fontana-Masson husaidia rangi ikiwa hafifu. Nyuzi pana zenye eosinofili na mkono wa Splendore-Hoeppli, bila kuingia mishipani, zikukumbushe Basidiobolus na Conidiobolus.

Chachu ndogo, za mikromita 2 hadi 5, ndizo huzaa ugomvi mwingi. Histoplasma hujaza makrofaji kwa vidude vya mikromita 2 hadi 4, vinavyochipua kwa shingo nyembamba. Leishmania ina ukubwa huo huo na hukaa mle mle, lakini ina kijiti kidogo pembeni mwa kiini na haichukui rangi ya fedha. Talaromyces marneffei, iliyopatikana mara ya kwanza kwa panya wa mianzi nchini Vietnam mwaka 1956, haichipui. Hujigawa katikati, nawe huona mstari unaoikata. Kwa wagonjwa waliowahi kuishi Kusini-mashariki mwa Asia, utafute mstari huo kwa bidii. Emergomyces africanus, iliyoripotiwa mwaka 2013 kwa watu wenye VVU nchini Afrika Kusini, haitenganishiki na Histoplasma kwa macho. Hapo kuotesha au PCR (kipimo cha jeni) ndiko kutakakoamua. Pneumocystis haichipui kabisa, hukaa kwenye povu la waridi ndani ya vifuko vya hewa, na vifuko vyake hubonyea kama mpira ulioishiwa upepo. Sporothrix ni vigumu kuiona kwa uchache wake, hivyo slaidi tupu haiifuti.

Za kati ni rahisi zaidi. Cryptococcus hubadilika ukubwa ndani ya slaidi moja, kuanzia mikromita 4 hadi 10 na zaidi, na huzungukwa na nafasi wazi ya kapsuli. Blastomyces ni mikromita 8 hadi 15, ukuta wa mistari miwili, na chipukizi lake hushikamana na mama kwa kitako kipana. Histoplasma aina ya duboisii, inayojulikana zaidi Afrika, ina ukubwa wa karibu hivyo na hujaza seli kubwa zenye viini vingi, lakini shingo yake ni nyembamba. Lacazia loboi hujipanga mnyororo kama tasbihi. Paracoccidioides huzungukwa na chipukizi nyingi kwa pamoja, mfano wa usukani wa meli.

Kubwa kuliko zote hukaa kwenye vifuko. Kifuko cha Coccidioides ni mikromita 20 hadi 100, mara nyingine 200, kimejaa vijispora vya mikromita 2 hadi 5. Kikipasuka, vijispora hivyo peke yake huiga Histoplasma, basi tafuta kifuko kimoja kizima kabla ya kuamua. Cha Rhinosporidium huweza kupita 300 na vijispora vyake hukomaa kwa ngazi kuelekea upande mmoja. Kifuko kikubwa chenye ukuta mnene lakini kitupu, kwenye mapafu, ni adiaspiromaikosi.

Punje zikionekana katikati ya usaha, pima upana wa nyuzi zilizomo. Chini ya mikromita 1 ni bakteria, na antibiotiki ndiyo dawa. Mikromita 2 na kuendelea ni kuvu, kama Madurella mycetomatis yenye punje nyeusi. Kipimo hiki kimoja hubadilisha matibabu yote ya maisetoma, ugonjwa huu wa punje.

Hatua ya 7: Visivyo uvimbe wala kuvu

Orodha hii fupi iwe ukutani: chembe za wanga kutoka kwenye glavu, ambazo huchukua PAS na kuonyesha msalaba chini ya mwanga uliochujwa, vidude vya Russell ndani ya seli za plazma, pete za Liesegang kwenye vifuko vya figo na matiti, vidude vya Michaelis-Gutmann vya malakoplakia, na vidude vya Hamazaki-Wesenberg, vya rangi ya manjano na kahawia kwenye tezi za limfu, ambavyo huchukua fedha na kuonekana kama chachu inayochipua. Myospherulosis ndiyo ya kuchekesha kuliko zote: chembe nyekundu za damu zilizoharibiwa na mafuta, zikajikusanya kwenye mfuko kama kifuko cha Coccidioides. Haichukui fedha wala PAS. Ukisikia mgonjwa aliwahi kupakwa mafuta puani baada ya upasuaji, umemaliza kazi.

Hatua ya 8: Thibitisha

Umbo hukupa kundi. Jina kamili hutoka kwa kuotesha au kwa jeni. Ikiwa tishu yote iliingia formalini, PCR ya eneo la ITS (sehemu ya DNA inayotambulisha kuvu) inaweza kufanywa kutoka kwenye nta, ingawa DNA huwa imekatikakatika. Chagua bloku yenye kuvu nyingi unazoziona kwa macho. PCR ya tishu isiyo na kuvu yoyote machoni mara nyingi hukuletea jina la kuvu ya hewani au ya kwenye mashine ya kukatia.

Majibu yakigongana, tishu ndiyo shahidi wa uvamizi. Sahani ikiotesha Aspergillus huku slaidi ikiwa na nyuzi pana za utepe ndani ya mshipa, ichukulie kuwa wote wawili wapo mpaka ithibitike vinginevyo. Vipimo vya damu pia vina mipaka. Galaktomanani na beta-D-glukani, vipimo vya chembe za ukuta wa kuvu, havisaidii kwa Mucorales, na antijeni ya Histoplasma kwenye mkojo huweza kuwa chanya kwa Blastomyces na kwa Emergomyces. Magonjwa haya yamepuuzwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za kipaumbele mwaka 2022 tu, ikiwa na kuvu 19.

Hatua ya 9: Ripoti

Nyuzi pana zenye pingili chache ndani ya mishipa haziandikiwi ripoti kwanza. Inua simu, mpate daktari anayemhudumia mgonjwa, mwambie unachokiona, kisha andika saa na uliyezungumza naye. Mucorales hula tishu kwa saa, nao upasuaji na dawa havingoji sahihi.

Kwa maandishi, eleza ulichokiona kabla ya jina: "nyuzi zenye pingili, zisizo na rangi, upana wa mikromita 4, zinaingia mishipani, zinalingana na Aspergillus au kuvu inayofanana nayo, kuotesha kunapendekezwa." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko neno moja "Aspergillus", lakini humlinda mgonjwa mwenye Fusarium. Kwa uvimbe ambao bado una pacha asiyefutwa, mtaje pacha huyo na utaje kipimo kinachosubiriwa. Na kabla fundi hajakata tena, mwombe vipande vya ziada visivyopakwa rangi vikatwe kwa mkupuo mmoja. Kila bloku inaporudishwa kwenye mashine kusawazishwa upya, tishu hupotea, na mara nyingi inayopotea ndiyo ile yenye kuvu mbili tatu ulizokuwa unazitegemea.